Jua Moja Juu ya Mji Mkongwe na Dodoma

Ukitandaza ramani ya Tanzania na kupitisha rula kutoka mashariki kwenda magharibi, utakuta Mji wa Zanzibar na Dodoma iko karibu kabisa kwenye mstari mmoja: nyuzi 6 na dakika 10 hivi kusini mwa ikweta. Katikati yake kuna bahari, kuna Pwani na nchi ya Morogoro, jumla kama kilometa 380 ukienda moja kwa moja. Jua likifika utosini Unguja, huchukua kama robo saa kufika utosini Dodoma. Siku za mwanzo za Machi, kisha tena wiki ya pili ya Oktoba, hupita wima juu ya miji yote miwili, hata nguzo ya taa ikakosa kivuli.

Kwa mpiga picha wa majengo hii ni bahati kubwa. Ugumu wa kulinganisha miji kwa kamera ni kwamba kila kitu hubadilika kwa mara moja: mwanga, majira, urefu wa siku, pembe ya jua. Mwisho wake unaonyesha picha mbili nzuri zisizosemezana. Hapa jua limetulia mahali pamoja. Kilichobaki kutofautiana ni hewa, ardhi, na yale ambayo watu waliamua kuyajenga chini yake.

Nafanya kazi Dodoma, na Unguja ndiko kwa mama yangu. Kwa hiyo kamera yangu imekuwa ikisafiri kati ya miji hii kwa muda mrefu, na polepole nimetambua kwamba ninachokipiga picha kila mahali ni kitu kimoja. Sitafuti jengo zuri. Nataka kujua jengo linampa nini mtu anayepita nje yake, yule asiye na miadi ndani, asiyemjua mwenye nyumba, aliyetoka sokoni na mzigo kichwani saa saba mchana.

Kulinganisha majengo kwa picha kuna mabingwa wake. Wajerumani wawili, mke na mume, Bernd na Hilla Becher, walitumia maisha yao kupiga picha matangi ya maji, tanuri za chuma na minara ya migodi, wakizipanga picha hizo safu kwa safu ukutani. Walisimama kwa namna ileile, wakangoja anga la mawingu ili kivuli kisiwepo, na kwa sababu kila kitu kingine kilinyamazishwa, tofauti ndogo ya umbo ilijitokeza yenyewe. Nimejifunza nidhamu kutoka kwao, lakini nimekwenda kinyume nao kwenye jambo moja kubwa. Wao walikikimbia kivuli. Mimi ndicho ninachokifuata, kwa sababu katika nchi hizi kivuli ni sehemu ya jengo sawasawa na ukuta au paa.

Masharti yangu ni machache. Lenzi ni moja tu, ya milimita 35. Kamera iko kwenye usawa wa macho ya mtu aliyesimama, na imenyooka kama maji ya pimamaji. Ukiiinua juu kidogo tu kufuata ghorofa, kuta zinaanza kuegemeana na jengo linaonekana linaanguka kwa nyuma, na hapo tayari umeshamsimulia mtazamaji uongo. Lenzi pana zaidi nimeikataa kwa sababu hugeuza kichochoro kuwa uwanja. Napiga saa tatu asubuhi, napiga jua likiwa utosini, na napiga saa kumi alasiri. Milango ya nakshi ya Zanzibar nimeiacha makusudi. Imepigwa picha mpaka imekuwa kama stempu, na ukiipiga unajikuta umepiga mbao na misumari ya shaba bila kuuona mtaa.

Kitu cha kwanza ambacho masharti haya yanafichua ni mbingu. Ukisimama Kiponda au Sokomuhogo, mitaa ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, na lenzi hiyo, huwezi kurudi nyuma, maana mgongo wako tayari umegusa ukuta wa nyumba ya pili. Picha inajaa chokaa, kivuli, waya za umeme, na kule juu kabisa ukanda mwembamba wa anga, mara nyingi mweupe kwa unyevu wa bahari. Chukua kamera hiyohiyo usimame Mtumba, kwenye Mji wa Serikali wa Dodoma. Karibu nusu ya picha ni mbingu, ya buluu kavu isiyo na doa, na nusu nyingine ni ardhi. Jengo lenyewe, hata la ghorofa sita, linakuwa mstari katikati. Mji mmoja haukupi nafasi ya kuliona jengo zima, na mwingine unakupa nafasi nyingi mpaka jengo linapungua.

Twende kwenye hesabu, maana ndiyo iliyonishtua kuliko picha. Chukua kichochoro cha Mji Mkongwe kinachokwenda kaskazini na kusini, upana wake mita mbili na nusu, kuta zake mita kumi. Katika siku zile ambazo jua linapita utosini, miale yake itagusa ardhi ya kichochoro hicho kwa muda usiofika saa mbili. Basi. Siku nzima iliyobaki mtu anatembea kivulini, na hakuna aliyepanda mti wala kujenga kibanda. Kivuli kimetokana na nyumba kusogeleana tu.

Kusogeleana huko kuna sababu zake. Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haiwi ndefu upendavyo, na ikishafika mita tatu hivi huwezi kuitegemea ibebe dari nzito ya mawe na chokaa. Kwa hiyo upana wa chumba ni urefu wa boriti, na nyumba hukua kwa urefu na kwenda juu. Boriti hizohizo zilipakiwa majahazini kupelekwa Uarabuni na Ghuba, ndiyo maana ukiingia nyumba za zamani za kule unakutana na vyumba vyembamba vya namna ileile. Msitu wa mikoko ulipanga vipimo vya vyumba pande zote mbili za bahari.

Halafu kuna chokaa. Kichochoro chenye kivuli kirefu namna hii kingepaswa kuwa giza, na kwa kamera kingepaswa kuwa adha: juu kunawaka, chini hakuonekani. Lakini ukuta uliopakwa chokaa nyeupe huushika mwanga wa juu na kuupasia ukuta wa pili, nao unaurudisha, mpaka unafika chini umelainika. Saa tatu asubuhi uso wa mtu aliyeketi mtaa wa Hurumzi unaangazwa pande zote mbili, bila kivuli kikali machoni. Wapiga picha wa studio hununua vitambaa vyeupe kupata mwanga wa aina hiyo. Pale mtaani unapatikana bure.

Pia unaona pale ukuta unapougua. Panapopigwa plasta ya saruji juu ya mawe ya matumbawe, unyevu na chumvi hukosa pa kutokea, plasta huvimba, hupasuka na kuanguka mapande, na ukuta ulio jirani yake, uliobaki na chokaa, uko salama. Nimeziweka picha za kuta hizo pamoja, na sioni haja ya kuandika maelezo chini yake. Wale wanaosimamia hifadhi ya mji huu, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, wamelisema jambo hili kwa miaka mingi. Na Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilituonyesha gharama ya kuchelewa. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Siwezi kupita Forodhani bila kuwakumbuka. Walikuwa kazini, wanalikarabati.

Lakini kitu ninachokipenda kuliko vyote Mji Mkongwe kiko chini kabisa, kwenye usawa wa magoti: baraza. Nyumba yenyewe ni ya siri. Madirisha ya chini ni machache na yana nondo, ua uko ndani, wanawake wa nyumba hawaonekani. Mgeni hana ruhusa ya kuangalia ndani. Na bado nyumba hiyohiyo iliyojifunga inanyoosha benchi la mawe nje, likiwa limejengwa pamoja na ukuta, na kulikabidhi mtaa. Muuza kahawa anatua dele lake hapo. Wazee wanacheza bao hapo. Mvua ikijaza kichochoro maji, watu wanapita juu ya baraza kama daraja. Nikisimama na kamera kwa muda mrefu kidogo, lazima mtu ataita: “Karibu, kaa mwanangu.” Nampa shikamoo yake, nakaa, na picha inayofuata inakuwa nzuri zaidi kwa sababu macho yangu sasa yako pale yalipo macho ya mtaa.

Dodoma ni kazi nyingine kabisa. Uko juu, mita elfu moja na mia moja na zaidi kutoka usawa wa bahari, mvua haifiki milimita 600 kwa mwaka na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Hewa ni kavu. Vivuli vina makali, mpaka unaona kivuli cha kila bati kwenye ukuta wa pili. Asubuhi, jua likipiga mawe ya Mlima wa Simba na vilima vingine vya mviringo, rangi inayotoka haipatikani popote pwani. Napenda kusema hili wazi kwa sababu nimechoka kusikia kwamba Dodoma haina cha kupigwa picha. Ina mwanga safi kuliko miji yetu mingi.

Tatizo ni wapi majengo yanasimama. Rudi kwenye hesabu. Weka jengo la mita kumi, lisogeze mita ishirini ndani ya uzio, halafu mweke mtu anayetembea kando ya uzio huo. Katika siku zilezile za Oktoba, jengo lililoko mashariki mwa barabara litamfikishia kivuli kabla ya saa mbili hivi asubuhi. Baada ya hapo, hakuna. Lililoko magharibi litamngoja mpaka karibu saa kumi na dakika arobaini jioni. Kati ya muda huo kivuli cha jengo kinaanguka kwenye nyasi za ndani ya uzio, na kwenye magari yaliyoegeshwa. Kipo kivuli kizuri kirefu, ila kimefungiwa geti.

Na ukuta unaoelekea barabara mara nyingi ni kioo. Saa kumi alasiri kioo hicho hurudisha jua chini barabarani, kwa hiyo mtembea kwa miguu anachomwa mara mbili, mara moja kutoka juu na mara moja kutoka jengoni. Inaonekana vizuri sana pichani: mabaka ya mwanga mkali juu ya vitofali vya pevingi, na watu wakipita kwa kuyakwepa.

Kupiga picha Dodoma pia kuna utaratibu wake. Ofisi za Serikali hazipigwi picha kiholela, kibali huombwa kwa barua, na mlinzi wa getini anafanya kazi yake akikuuliza unatoka wapi na picha ni za nini. Nakubaliana na utaratibu huo. Ila ulinganisho lazima uliseme: mji mmoja umejengwa ukiwa umekaribia mno macho ya mpita njia, mwingine unakuweka mbali hata kabla hujafungua kifuniko cha lenzi. Kwa hiyo picha zangu nyingi za Mtumba ni za nyuzio. Mwanzoni zilikuwa picha za pembeni, siku hizi ndizo ninazozithamini, kwa sababu uzio ndio sehemu pekee ya jengo ambayo raia wa kawaida anaigusa kila siku.

Sikubaliani na anayesema mji mpya lazima uwe hivi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, na ramani kuu ya kwanza, iliyoandaliwa na kampuni ya Kanada iitwayo Project Planning Associates, ilikamilika mwaka 1976. Ramani hiyo iliwaza mji wa kutembea kwa miguu, wa baiskeli na wa basi, majengo yasiyoshindana na vilima, vitongoji vinavyofikika bila gari. Ilikuwa fikra ya Ujamaa iliyochorwa kwenye karatasi, na mimi naiona bado ni ramani ya heshima. Mengi yake hayakujengwa. Fedha zilikuwa haba, miaka ikapita, na wimbi kubwa la ujenzi lilipokuja baada ya mwaka 2016 lilikuta gari ndilo linaloamua upana wa kila kitu.

Wala si kweli kwamba Dodoma haikuwa na majibu yake kwa jua. Wagogo walijenga tembe: nyumba ya chini, ndefu, paa bapa la udongo juu ya miti, ikizunguka ua wa mifugo. Udongo ule mzito ulikuwa ukipokea joto la mchana taratibu, na usiku wa baridi wa Dodoma ukilipoza. Juu ya paa watu walianika nafaka. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 na kuhamia vijijini kulikofuata kuliziondoa tembe nyingi, bati likachukua nafasi. Nikikutana na tembe sasa naipiga kwa masharti yaleyale, na kwenye usawa wa macho inakaribia kutoonekana: mstari wa udongo chini ya mbingu kubwa. Hilo nalo ni jibu, la watu waliochagua kutoshindana na anga.

Na kuna katikati ya mji. Hapa ndipo huwa naongeza muda. Kwenye barabara za namba, zile za zamani nyuma ya stesheni ya reli, yamebaki maduka yenye varanda mbele: nguzo nyembamba, paa la bati lililoshuka mpaka njiani, sakafu iliyoinuka hatua mbili. Mwenye duka hakulazimishwa na mtu kumfunika mpita njia. Chini ya varanda kuna fundi cherehani, kuna mama wa karanga, kuna mtu anayesubiri gari la kwenda Kondoa. Nikiziweka picha hizi kando ya zile za Sokomuhogo, saa ileile, lenzi ileile, zinashikana mara moja. Mawe na bati, pwani na bara, chokaa na vumbi jekundu, na bado mtu aliyeketi amekaa kwa namna moja, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa kivulini, macho njiani.

Ulinganisho huu ungekuwa rahisi sana kama ningeishia hapo na kusema mji wa zamani unatoa kivuli na mji wa mpango unakinyima. Lakini vuka Darajani, pale palipokuwa na mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, ukapande mpaka Michenzani. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Mzee Karume alitaka wananchi wa Ng'ambo waishi kwenye nyumba za kisasa, na kwa msaada wa Ujerumani Mashariki yakajengwa majumba marefu yanayofikia mita mia tatu, watu wakayaita treni. Barabara pana zinakutana kwenye mzunguko mkubwa. Simama pale saa sita na robo mchana na lenzi ya milimita 35: nusu ya picha ni mbingu, ardhi ni lami, jengo ni mstari. Bila namba za magari na minazi ya mbali, ungesema ni Dodoma.

Tazama tena, lakini, chini ya yale majumba. Sakafu ya chini ina maduka, watu wametandika mikeka na meza ubavuni mwa jengo, mahali kivuli kinapohamia wao wanahama nacho. Kwa kuwa hakuna uzio, kivuli cha jengo la mita mia tatu ni mali ya kila mtu. Asubuhi maisha yako upande mmoja, alasiri yamevuka upande wa pili. Nimezipanga picha za siku moja za ubavu mmoja wa Michenzani, na unaona umati ukitembea polepole kama mshale wa saa.

Picha hizo ndizo zilizonipa ujasiri wa kusema ninachokisema kuhusu Dodoma. Upana wa barabara hauna kosa peke yake, wala zege. Michenzani ni zege tupu. Kinachoamua ni uzio, na umbali kati ya ukuta na njia. Hayo mawili bado yanaweza kubadilishwa katika mji ambao unajengwa wiki hii, sasa hivi, mbele ya macho yetu. Wasanifu wetu vijana wanaweza kuleta jengo mbele mpaka ukingo wa kiwanja na kuacha bustani nyuma. Wanaweza kurefusha dari ya ghorofa ya kwanza mita mbili juu ya njia ya miguu. Wanaweza kumwaga benchi la zege pamoja na ukuta, kwa gharama ambayo haitaonekana kwenye bajeti ya mradi. Miti inayopandwa kuikijanisha Dodoma ni jambo jema na naiombea ikue, ila mwarobaini unahitaji miaka na maji, na ukuta hutoa kivuli siku unayokamilika.

Stesheni mpya ya treni ya mwendokasi, iliyoanza kupokea abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, imebeba umbo la vilima vya mawe vya Dodoma. Naipenda kwa hilo. Mtu alitazama mahali kabla ya kuchora. Nimeipiga kutoka upande wanaposimama bodaboda na mama lishe, na ningetamani lile paa zuri lingenyoosha mkono wake kidogo tu mpaka kwao.

Sasa nimepata jozi nyingine. Tanga na Tabora nayo iko karibu mstari mmoja, nyuzi 5 na dakika chache kusini. Tanga ina bandari, na huko ndiko Wajerumani walikoanzia reli ya Usambara mwaka 1893. Tabora ilifikiwa na Reli ya Kati mwaka 1912, na kivuli chake kikubwa kinajulikana nchi nzima: miembe. Jua litapita utosini mwa miji hiyo karibu tarehe 6 Oktoba, siku chache kabla halijafika kwetu, kwa hiyo mwaka huu nitaanza Tabora, kisha nirudi Dodoma kwa zamu yake. Kama unaishi Tanga na una kamera au simu, simama barabara ya sokoni saa sita na robo mchana siku hiyo, shika simu ilale sawa kwenye usawa wa macho, upige upande ambao watu wamekaa.